Uhusiano wa umma wa kidijitali umekua sana hapa Mwanza, lakini unafanya kazi kweli au tunahesabu wafuasi tu?

#1 Mwanakirumba
Wadau, salaam. Nafanya kazi katika kitengo cha mawasiliano cha taasisi moja ya hapa jijini ambayo sitaitaja, na nimeleta hapa ubishi uliotuchosha ofisini. Zamani afisa uhusiano alikuwa mtu wa kuita waandishi wa habari, kupeleka taarifa redioni, kuandaa jarida la taasisi na kubandika matangazo kwenye ubao wa getini. Leo taasisi hiyohiyo ina kurasa Facebook, Instagram, TikTok na YouTube, ina makundi ya WhatsApp, ina mpiga picha wa video, na ina kijana anayekesha akijibu ujumbe. Shule binafsi za Ilemela zinafanya hivyo, zahanati zinafanya hivyo, kampuni za mabasi na hata makanisa. Hakuna anayeweza kusema fani haijakua.

Ninachobisha ni tija. Kila mwisho wa mwezi tunapeleka kwa uongozi jedwali la wafuasi, waliotazama na waliopenda, uongozi unafurahi, kisha siku huduma ikikwama watu wanarudi getini wakiwa na hasira zilezile na maswali yaleyale ambayo tulidhani tumeyajibu mtandaoni. Dai langu ni kwamba shughuli hii katika mji wetu imeongeza kelele kuliko ilivyoongeza imani. Mwenye ushahidi wa kunipinga auweke hapa, ila uwe ushahidi, si tangazo la kampuni yake.

#2 Kijana wa Igoma
Mkuu, sentensi yako ya mwisho umenirushia mimi, nami nimeipokea.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, kwa sababu wewe unazungumzia kurasa za mitandao ya kijamii tu. Kwa wenzetu wa Uingereza, wakisema uhusiano wa umma wa kidijitali mara nyingi wanamaanisha kazi ya kuifanya tovuti ya mteja itajwe na kuunganishwa na tovuti za magazeti na majarida yanayoaminika. Google tangu ianze mwaka 1998 imekuwa ikihesabu viungo (linki) kutoka tovuti nyingine kama kura, na kura ya gazeti kubwa ina uzito kuliko kura ya blogu isiyosomwa. Nilimhudumia mwenye hoteli ndogo ya ufukweni. Badala ya kumwandikia matangazo, tulitayarisha maelezo mazuri kuhusu Kisiwa cha Saanane, ambacho kilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na ambacho mgeni anakifikia kwa boti kwa dakika chache tu kutoka Capri Point, pamoja na maelezo ya njia ya kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Waandishi wa safari wakayatumia, wakaunganisha, na watu wanaotafuta malazi Mwanza wakaanza kuiona ile hoteli kabla ya nyingine. Hapo hakuna kelele. Kuna mgeni amefika mapokezi na begi lake.

Pili, wataalamu wa upimaji walikwishakubaliana mwaka 2015 kule Barcelona kwamba wafuasi si kipimo. Kwa hiyo usiilaumu fani kwa sababu ya jedwali lenu.

#3 Mzee wa Kamanga
Nimekuwa katika habari tangu enzi za kanda za kaseti, kwa hiyo mtanisamehe nikirudi nyuma.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika mkoa huu. Sehemu kubwa yao wako Kwimba, Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa na visiwa vya Ukerewe, na hao ukitaka kuwafikia leo hii utapitia redioni, iwe Radio Free Africa au kituo kingine kinachosikika kijijini kwao, kisha mazungumzo yatahamia mwaloni na mnadani. Vijana mnaona watu wanalizungumzia jambo kwenye simu, mnadhani lilianzia kwenye simu. Mimi nimeona mara nyingi taarifa inasomwa redioni saa moja asubuhi, saa tatu imekatwa kipande na kuingia WhatsApp, saa tano afisa uhusiano anaandika ripoti kwamba ukurasa wake umefanya vizuri.

Na msifikiri kwamba kuharibika kwa jina kulianza na intaneti. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na viwanda vya minofu hapa viliumia bila mtu yeyote kubonyeza kitufe cha kusambaza. Kisha ikaja ile filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2004 kuhusu sangara na ndege za mizigo, ambayo Rais Kikwete aliikosoa hadharani mwaka 2006. Ilichukua miaka miwili kufika kwenye hotuba ya Rais. Leo ingechukua mchana mmoja, hilo nawapa. Lakini kilichofungua tena soko la Ulaya ni ukaguzi, maabara na vyeti. Hakikuwa uhusiano wa umma wa aina yoyote.

#4 Mhitimu wa Malimbe
Kijana wa Igoma, marekebisho madogo. Kanuni za Barcelona zilipitishwa mwaka 2010. Mwaka 2015 na 2020 zilipitiwa upya. Na kiini chake kilikuwa kuikataa tabia ya kupima habari kwa bei ya tangazo, yaani mtu anachukua rula, anapima habari yake gazetini, anazidisha kwa bei ya tangazo la ukubwa huo, kisha anamwambia bosi kwamba ameokoa mamilioni. Kwa hiyo jedwali la Mwanakirumba ni rula ileile iliyohamia kwenye simu.

Nirudi kwenye swali la #1. Pale Nyegezi, ambako mafunzo ya mambo ya jamii yalianza mwaka 1960 na ambako Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kilizaliwa mwaka 1998, kila mwanafunzi wa fani hii anakutana na James Grunig na Todd Hunt, walioandika mwaka 1984 kwamba kuna namna nne za kufanya kazi hii: kupiga debe, kutoa taarifa, kusikiliza ili ushawishi vizuri zaidi, na kusikiliza ukiwa tayari kubadilika wewe mwenyewe. Mitandao ya kijamii ilipokuja, watu wengi walidhani namna ya nne imeshinda kwa sababu kila mtu sasa anaweza kujibu. Tazameni kurasa za taasisi zetu mtaona namna ya kwanza na ya pili, basi. Chombo kinaruhusu mazungumzo, mwenye chombo anakitumia kama kipaza sauti cha gari la matangazo. Michael Kent na Maureen Taylor walikwishaonya mwaka 1998, Facebook ikiwa haijazaliwa, kwamba tovuti inayopokea maswali bila kuwa na mtu aliyefundishwa kuyajibu haijengi uhusiano wowote.

#5 Dereva wa Buhongwa
Mhitimu amezungumza kama yuko darasani, ila amesema kweli. Ukurasa mmoja ninaoufuata una picha za mkurugenzi akikata utepe, mkurugenzi akipokea tuzo, mkurugenzi akiwatakia wananchi Jumatatu njema. Nilipouliza chini ya picha kama ofisi ziko wazi Jumamosi, nilipewa alama ya moyo. Nimeutafakari sana ule moyo na bado sijajua kama wako wazi.

#6 Mama Dagaa
Habari zenu. Mimi sijasoma fani hii, nauza dagaa jumla pale Mwaloni Kirumba, na wateja wangu wengine wako mbali, Lubumbashi hadi Zambia. Naomba niseme yaliyonipata.

Kulisambaa video ya dagaa wakianikwa mchangani, mbuzi wanapita juu yake, na maneno yanasema ndiyo dagaa wa Mwanza. Ile haikuwa sehemu yetu, na wala haikujulikana ni ya lini. Wateja wakaanza kupiga simu, wengine wakanyamaza kabisa, na mteja akinyamaza ndipo mfanyabiashara anapaswa kuogopa. Sikuandika tamko. Nilikwenda kwenye vichanja vyetu asubuhi, nikapiga video mfululizo bila kukata, nikaonyesha wavu wa kichanja, nikamwomba mama mmoja anayegeuza dagaa aeleze kazi yake, nikataja tarehe, kisha nikaituma kwa kila mteja mmoja mmoja pamoja na ujumbe wa sauti kwa jina lake. Aliyetaka kuona zaidi nilimpigia kwa video akaniambia zungusha simu huku, zungusha kule. Karibu wote walirudi.

Nilipoiweka video ileile kwenye ukurasa wa wazi, watu walikuja kutukanana kuhusu mambo mengine kabisa. Kwa hiyo mimi nasema inafanya kazi, lakini si kule mnakopima ninyi.

#7 Kijana wa Igoma
Mama, hicho ulichofanya kampuni zinalipia fedha nyingi na hazikipati. Na Mhitimu, ahsante kwa mwaka.

Mzee wa Kamanga, shikamoo. Siwezi kukubali kwamba redio ndiyo chanzo na simu ni mwangwi tu. Siku hizi watangazaji wa asubuhi wanasoma yaliyozuka usiku mitandaoni, kwa hiyo mto unatiririka pande zote mbili, na anayetaka kujua maji yameanzia wapi atachoka.

#8 Mkaguzi
Naona mnabishana kuhusu njia, wakati tatizo ninaloliona ni mamlaka. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo malalamiko ya mteja yakiandikwa hadharani, afisa uhusiano alikuwa haruhusiwi kujibu hadi maneno yake yapitiwe na mkuu wa kitengo, kisha mwanasheria, kisha mkurugenzi ambaye huenda yuko safarini Dodoma. Jibu likitoka, lilikuwa limekaushwa hadi halina utomvu: "Tunathamini maoni yako." Mteja alikuwa ameuliza kwa nini alitozwa mara mbili.

Mama Dagaa hakufaulu kwa sababu ya WhatsApp. Alifaulu kwa sababu yeye ndiye mwenye mali, ndiye mwenye uamuzi, ndiye anayejua kichanja kiko wapi, na hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa ya kusema ukweli. Mpeni afisa uhusiano mamlaka ya kurudisha fedha au walau kutaja saa ambayo huduma itarejea, ndipo mtajua kama fani yake inafanya kazi. Bila hivyo mnampima mpagazi kwa mzigo ambao hakupewa.

#9 Binti Ukerewe
Nashukuru kwa uzi huu, lakini mnazungumza kama vile kinachowaniwa ni biashara tu. Sisi wa visiwani tunaupima kwa namna nyingine.

Alasiri ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na Ukara, habari zilitufikia kwa simu za ndugu na kwa makundi kabla ya taarifa rasmi. Usiku ule idadi ya waliokufa iliyotangazwa ilikuwa chini ya 50, na siku zilizofuata ikavuka 220. Simlaumu aliyetoa idadi ya kwanza, kwa sababu waokoaji walikuwa bado wanapambana na giza. Ninachokumbuka ni pengo lililokuwa kati ya tangazo moja na jingine, ambalo lilijazwa na majina yasiyo sahihi na picha za ajali nyingine za miaka ya nyuma. Vilevile tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43 na 19 kati yao wakapoteza maisha, picha za mkia wa ndege ukiwa juu ya maji na wavuvi wakiwa na mitumbwi yao zilizunguka nchi nzima mapema, na idadi ya waliookolewa ilipishana kati ya wasemaji siku ileile.

Kwangu swali la #1 linapaswa kuulizwa hivi: je, wakati ule mtu wa Bugorola au Bwisya, ncha mbili za safari ya kivuko kile, alikuwa na ukurasa mmoja wa kuuamini, wenye tangazo linalosema tunajua haya, hatujui haya, tutarudi saa fulani, na kweli wakarudi saa hiyo?

#10 Mzee wa Kamanga
Binti, umesema jambo zito. Niongeze tu kwamba kutangaza saa ya kurudi, na kurudi hata kama huna jipya, ni desturi ya chumba cha habari cha redio. Haikuletwa na dijitali.

#11 Mhitimu wa Malimbe
Mzee hataki kutupa hata moja.

Timothy Coombs, mtafiti anayejulikana sana katika mambo ya majanga, anasema neno la kwanza katika janga linapaswa kuwa la kuwaambia watu wafanye nini ili wawe salama, kisha la kuwapa pole na kuwaeleza kinachotokea, na hoja za kulinda jina la taasisi zifuate baadaye. Matamko mengi ninayoyaona mitandaoni yanaanza kinyume, yaani kwa historia ya taasisi na jinsi inavyozingatia usalama wa wateja wake. Msomaji mwenye ndugu ndani ya chombo anafika aya ya tatu bila kujua apige simu gani.

#12 Jiwe la Bismarck
Mmesahau kwamba Wasukuma tulikuwa na kipimo chetu. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana kila kundi lilikuwa na vituko vyake, wengine nyoka, wengine fisi wa kuchonga, na kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, alisemekana kuwa na dawa ya kuwavuta watazamaji. Wanaonunua wafuasi wa bandia hawajavumbua kitu.

Ila pale uwanjani umati ulikuwa umati kweli, na mtazamaji aliyechoka alihamia upande wa pili mbele ya macho ya wote. Mtandaoni unaweza kuwa na umati wa akaunti zisizo na watu, na juu yake ukaajiri chawa wa kukusifu. Nadhani imani iliyopungua anayoizungumzia Mwanakirumba imeliwa na hao. Watu wamezoea sifa za kulipwa, kwa hiyo hata sifa ya kweli ikija wanauliza imelipiwa shilingi ngapi.

#13 Dereva wa Buhongwa
Mimi upande wa babu ni Mgalu, kwa hiyo nakataa mfano wowote unaoanza kwa kuwataja Wagika. Mengine nakubali.

#14 Msomaji Kimya
Huwa sichangii, leo nimeshindwa. Katika bandiko zote hapo juu hakuna aliyesema kwamba uwanja wenyewe si wetu.

Taasisi nyingi zilitumia miaka kujenga umma wao pale X (zamani Twitter), na Mei 2025 mtandao huo ukazuiwa nchini, kwa hiyo walioendelea kuandika humo wakawa wanawaandikia walioko nje na wenye kuzunguka kizuizi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa, na afisa uhusiano ambaye mpango wake wote uko mtandaoni hakuwa na kazi ya kufanya. Hata siku za kawaida, Facebook ilitangaza Januari 2018 kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa, na tangu hapo ukurasa usiolipia unaonekana na sehemu ndogo tu ya waliokwisha kuamua kuufuata. Kwa hiyo tija ya mwaka huu inaweza kupungua bila afisa kukosea chochote. Anayetunza namba za simu za wateja wake, waliomruhusu kuwatumia ujumbe mfupi, ana kitu kinachokaa mkononi mwake.

#15 Mkaguzi
Hapo kwenye "waliomruhusu" pazingatiwe sana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zitumike kwa sababu hiyo. Shule moja ambayo siitaji ilikuwa ikiweka picha za watoto pamoja na majina yao kamili na alama za mitihani, kama matangazo. Mzazi alipolalamika aliambiwa ni heshima kwa mtoto.

#16 Kijana wa Igoma
Kweli, ingawa tangu zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilipokuja kwa mara ya kwanza, watu wengi wamekuwa waoga hata wa kuruhusu maoni chini ya bandiko.

#17 Mkaguzi
Zilikuja mara ya kwanza mwaka 2018, kijana wangu. Za 2020 zilizibadili. Na uoga wa maoni ulikuwapo kabla ya zote mbili.

#18 Nyakato Kwetu
Nampinga mwenye uzi kwa mfano mmoja, Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Miaka yote ya ujenzi tulikuwa tunaona video na asilimia za ujenzi mitandaoni, na watu waliamini, tena walisambaza wenyewe bila kulipwa. Sababu ni kwamba kila aliyesubiri foleni ya kivuko pale Kigongo aliinua macho akaona nguzo ziko pale. Akisoma asilimia, anazilinganisha na alichokiona juzi. Nikiunganisha na kichanja cha Mama Dagaa, naona kwamba mtandao unafanya kazi pale ambapo mtu ana njia yake ya kuhakiki. Huduma isiyoonekana kwa macho, kama bima au mikopo, itapata tabu hata ikiwa na wapiga picha kumi.

#19 Mwanakirumba
Ahsanteni. Mmenipa mambo mengi kuliko niliyoomba, ingawa hamjanitoa kwenye dai langu. Mkaguzi anasema ni mamlaka, Nyakato anasema ni kuonekana, Jiwe anasema ni chawa, Msomaji anasema ni uwanja wa kukodi, na Mzee anasema ni redio. Naona kila moja linaeleza sehemu fulani ya ofisi yangu, hivyo siwezi kuchagua.

Jumatano tuna kikao. Nimeandaa jedwali jingine lenye maswali yaliyoulizwa kwenye kurasa zetu, muda uliopita kabla ya kujibiwa, yaliyoachwa, na maswali yaleyale yaliyorudi getini. Safu ya wafuasi nimeiondoa.

#20 Dereva wa Buhongwa
Wataiulizia kabla hujakaa.

#21 Mzee wa Kamanga
Weka na safu ya waliopiga simu redioni kuuliza. Hiyo mtaikataa, najua, lakini iwekeni.

#22 Mkaguzi
Mkuu, kabla ya Jumatano amua jambo moja: hayo yaliyoachwa bila majibu yakionekana kwenye jedwali, jina la nani litaandikwa mbele yake? Ukiandika lako, umejifunga kwa maamuzi ya wengine. Ukiandika la idara husika, jiandae, maana kikao hicho kitakuwa kirefu.